Jibu la Mia na Kumi na Tisa

Mia moja. Hapo ndipo ukarimu ulipogota.
Jibu la mia na moja liliingia Jumapili, saa kumi jioni,
likapigwa kufuli dogo la kijivu,
na nyuma yake yakaja mengine, moja moja,
kama watu wanaofika dukani mlango umeshashushwa nusu.

Tuliuliza maswali kumi, maana la kumi na moja lilikuwa la kulipia.
Bwawa la kuogelea la mji lifungwe, au libaki?
Unakuja siku gani? Kiwango chako?
Maoni mengine?
Tangu kiwanda cha karatasi kizime moshi
tumebaki na bwawa hilo tu, maji yake ya vuguvugu
wakati nje ni ishirini na mbili chini ya sifuri
na theluji imefika madirishani.

Nilitarajia majibu arobaini, nikachagua dodoso la bure,
mimi, Sinikka, katibu wa kamati,
binti wa mwanamke aliyefua mifuko ya plastiki na kuianika.
Rahisi huvunja upishi.
Yalikuja mia na thelathini na saba.

Kauko, mwenyekiti, akasema: mia zinatosha, piga hesabu.
Onni, mpwa wangu, akasema: futa ya juu, ya chini yatapanda.
Nikafuta moja, la kwangu mwenyewe.
Hakuna lililopanda. Mashine inahesabu waliobisha hodi,
haijali nani amekwishatoka.

Basi nikawa nasoma saa, kwa kuwa saa ziliachwa wazi.
Mtu wa saa tisa usiku: huyo mwokaji mikate.
Wanne kwa dakika moja: darasa la Bi Helvi, nadhani.
Maneno yao yalikuwa ukungu,
naona urefu wa sentensi, sioni sentensi.
Na chini, kwa herufi za kirafiki:
yuro thelathini na tisa kwa mwezi.

Ningeyaacha. Nasema kweli, ningeyaacha.
Lakini Jumatano akaja Aune Lehtovaara,
wiki moja baada ya kumzika Eino,
akasimama mlangoni bila kuvua kofia:
"Alijaza ile karatasi yenu ya kwenye kompyuta.
Jumapili, baada ya chakula. Aliniomba miwani yangu.
Aliandika nini?"

Nikamweleza kuhusu kikomo.
Akasikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelezwa
kwamba barua imefika posta ila posta hairuhusiwi kuitoa.
"Kwani alichelewa?" akauliza.
Hakuchelewa, Aune. Alikuwa wa mia na kumi na tisa.

Kamati haina mfuko wa mambo hayo. Nilitumia kadi yangu,
ile ya akiba ya matairi ya majira ya baridi.
Kufuli thelathini na saba zikafunguka bila hata mlio.
Nikalitafuta jina, nikachapisha ukurasa, nikaupeleka ukiwa bado na joto.

Lifungwe? *Hapana.*
Maoni mengine? *Hakuna.*
Aune akacheka puani. "Ndiye huyo. Miaka arobaini na sita."
Kisha kidole chake kikasimama.

Siku: *Jumanne na Alhamisi.*
Kiwango: *Najifunza.*

"Aliniambia anakwenda kucheza sataranji kwa Kauko."
Kauko hajui sataranji. Sote wawili tunajua hivyo.
"Aliogopa maji. Hata ziwani alikaa kwenye gari na gazeti."
Nje, gari la kukwangua theluji likapita,
taa yake ya manjano ikazunguka ukutani, ikaondoka.

Kesho baraza linaketi, nitapeleka yote,
pamoja na langu nililolifuta, nimeliandika upya kwa mkono.
Na nikumbuke kusitisha malipo kabla ya tarehe kumi na nne.

Aune alikunja ukurasa mara nne, akautia ndani ya glavu.
Alipofika kwenye ngazi akageuka.
"Upande ule wa wanaojifunza, maji yana kina gani?"
Nikaweka kiganja kifuani, hapa,
naye akaweka chake palepale, juu ya koti, akipima.